Wifi Yangu na Stuli ya Miguu Juu

Mimi si mtu wa kusifu watu. Marehemu mume wangu nilimsifu mara moja tu, tena mbele ya wageni, kesho yake akanunua redio kwa pesa ya sare za shule. Tangu siku hiyo sifa nazitia kama ninavyotia chumvi: kidogo, tena sufuria ikishachemka. Basi msomaji akiniona hapa namsifu wifi yangu, ajue sufuria imechemka mpaka kifuniko kinaruka.

Wifi yangu ni dada wa marehemu. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa mama yake, akanikuta mimi mjane nipo palepale. Hakuna kati yetu aliyekuwa na pa kwenda, tukabaki. Majirani walisema mawifi wawili na mama mkwe chini ya paa moja, hapo yatabaki majivu. Hatukuungua. Siri yetu ni kwamba tunagombana kidogo kidogo kila siku, ugomvi usipate nafasi ya kujaa.

Kazi yetu sote ni moja, kufua nguo za hospitali. Yeye yuko hospitali ya serikali, mimi ya kulipia, na hospitali zenyewe zinatazamana, katikati barabara moja yenye matuta. Asubuhi tulitoka pamoja mpaka pale kwenye tuta la mwisho, yeye akikata kushoto, mimi kulia, na hapo ndipo dunia ilipogawanyika.

Kwao kuna mashine mbili. Moja inafua, ya pili imesimama pembeni inatoa vipuri kwa mwenzake. Sabuni inakuja kwa msimu kama mvua. Sakafu ni ya saruji iliyolika, na mabeseni ni makubwa, mtu mfupi akiinama watu humshika miguu kwa tahadhari. Kwetu mashine zina vioo vya mviringo kama televisheni, unakaa unatazama foronya zikicheza. Tunavaa kandambili nyeupe. Hewa inapoozwa, si kwa ajili yetu, ni kwa ajili ya vitambaa, lakini vitambaa havikatazi mtu kupoa navyo.

Na mshahara? Wangu ulikuwa unakaribia mara mbili ya wake. Kazi ile ile, mgongo ule ule unaouma jioni, na bado mimi nilirudi na mfuko wa sukari na yeye akarudi na salamu.

Basi nilikuwa namchokoza tukivua viatu mlangoni.

"Hebu niambie, wifi, damu ya huko kwenu ni damu kweli? Naona wanawalipa kama mnafua maji."

"Ni damu. Tena ya kwetu inatoka kwa mikono."

"Na ya kwetu je?"

"Ya kwenu haifiki hata kwenye shuka. Wagonjwa wenu wana pesa, wanatoka damu kwa adabu."

Mama mkwe akisikia hayo hucheka mpaka akashika ubavu. Yeye aliuza mkaa maisha yake yote, hakuwahi kuona mshahara wa aina yoyote, na kwake sisi sote tulikuwa matajiri tunaolalamika.

Mwenye duka la pale kwetu alikuwa na lake. Tunamwita Kodi Yangu, kwa sababu hana sentensi isiyo na maneno hayo. Barabara ikichimbika ni kodi yangu, taa ikizimika ni kodi yangu. Akimwona wifi anapita huinua sauti: "Haya, mtumishi wa umma, umekula nini leo katika kodi yangu?"

"Leo kodi yako nimeifulia foronya, ndugu yangu," wifi akamjibu siku moja bila kusimama. "Tena upande mmoja tu. Upande wa pili amelipia mwenye baa."

Watu waliokuwa wakinunua mikate walicheka, na Kodi Yangu mwenyewe akacheka, kwa sababu si mtu mbaya. Alinigeukia mimi: "Na nyie wa kulipia ndio mnatuchuna ngozi kabisa!" Kwake hakuna aliyepona.

Lakini usidhani wifi hakuumia. Aliumia, ila yeye maumivu huyakunja kama anavyokunja shuka, kona kwa kona, mpaka yanakuwa kidonge. Nyongeza waliyoahidiwa ilikuwa imekwama miaka, kila wakiuliza wanaambiwa bajeti, kana kwamba bajeti ni ndugu aliyesafiri. Walisimama uani na mabango, akaja mtu mwenye tai akawapongeza kwa uzalendo wao, akaondoka, wakarudi kwenye mabeseni. Usiku ule aliniambia neno moja ambalo sikulisahau. "Wifi, mimi sitaki wanilipe kwa kuwa wewe unalipwa. Nataka wanilipe kwa kuwa nimefua."

Ndipo nafasi ikatokea kwetu. Mwanamke mmoja aliolewa mbali akaacha kazi, na mimi nikawa wa kwanza kumpenyezea meneja jina la wifi. Meneja wetu ni mwanamke kijana wa viatu virefu na sauti laini, tunamwita Madamu, naye alisema aje ajaribiwe miezi mitatu, akifaa apewe mkataba.

Kwa bahati serikali ina kitu kinaitwa likizo bila malipo. Msimamizi wa wifi, mama mmoja mnene anayetunza ghala la mashuka, alimpa miezi mitatu hiyo hiyo. Ikiisha, ama urudi, ama uandike umeacha, na aliyeacha serikalini harudi. Mlango ule unafungukia upande mmoja.

"Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje," mama mkwe akasema.

"Mama," nikamwambia, "hao kenda wenyewe ni watano."

"Hata watano, wameshikwa."

Nilimwona mzee wa watu hajui dunia ilivyobadilika. Nilitaka wifi aandike ameacha, mapema, na tuezeke paa upya. Hilo ndilo lilikuwa shauri langu na nililisema asubuhi, mchana na jioni. Mimi nikishika jambo, hata kupe ananionea wivu.

Akaja kwetu. Wiki ya kwanza alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa, tukamwambia apunguze, atatuharibia. Wiki ya pili akapunguza. Ya tatu akatufanyia kituko ambacho mpaka leo hospitali nzima inakisimulia.

Lazima nieleze kwanza jambo la huko kwao. Shuka ya hospitali haichakai yote. Inachakaa katikati, pale mgonjwa anapolala na kujigeuza, na pembeni inabaki nzima. Serikali haina shuka za kutupa. Basi shuka ikianza kuonyesha mwanga, wao huipasua katikati kwa urefu wake, wakaleta zile kingo nzima zikutane kati, wakashona. Ile sehemu iliyochoka inakwenda pembeni, inachomekwa chini ya godoro, haimdhuru mtu. Wanaita kugeuza shuka, na wifi ndiye fundi wao. Mkasi wake hautoki mfukoni.

Siku hiyo aliachiwa kabati la shuka mpya. Shuka za hospitali yetu ni nyembamba, laini, ukiinua mbele ya dirisha unaona kivuli cha mkono wako. Ndiyo bei yake hiyo. Sasa mtu ambaye maisha yake yote shuka nyembamba ni shuka iliyokwisha, unadhani atafikiri nini? Alizipapasa, akasikitika peke yake, "Masikini, hata hawa zimewaishia," akatoa mkasi. Sisi tulikuwa kwenye mashine, tunapiga soga. Mpaka muda wa chai alikuwa amegeuza rundo zima, amelikunja vizuri, amekaa pembeni yake anasubiri kushukuriwa.

Madamu akaingia, akainua moja.

"Nani amepasua shuka zangu?"

Wifi akanyoosha mkono kama mtoto anayejua jibu. "Ni mimi, Madamu. Zilikuwa zimekwisha, nimeziokoa."

"Zimekwisha? Hizi zimefunguliwa juzi!"

"Juzi?" Wifi akamwangalia kwa huruma ya kweli. "Basi, Madamu, wamekuuzia zilizotumika."

Mimi nilizika uso kwenye foronya. Mpiga pasi wetu, jitu la mabega mapana tunaloliita Pasi, alilazimika kutoka nje.

"Wagonjwa wangu," Madamu akasema, na ile sauti laini imepanda, "wanalipa ili wasihisi kitu mgongoni!"

"Kama hawataki kuhisi kitu si wangebaki na afya zao," wifi akasema, si kwa jeuri, aliona ni jambo la wazi.

Nilijua amefukuzwa. Lakini Madamu alipitisha kidole juu ya ile shuka akiutafuta mshono, akapita, akarudi, akainama kuutazama. Shuka zile zikapelekwa vyumba vya walinzi na wauguzi wa zamu, walinzi wakalala kama mawaziri, na wifi akabaki. Pasi akampa jina: Kati-Pembeni. Hata wauguzi wakawa wanamwita hivyo, "Kati-Pembeni, tuletee taulo."

Pesa ikaanza kuingia nyumbani. Tulimnunulia mama mkwe godoro jipya, akalalamika ni laini mno, akalala mpaka jua likampita. Niliwaita mafundi wa paa waje wapime. Mwezi wa pili ukaingia, na mimi nilishaona mabati mekundu kwenye usingizi wangu.

Kisha nikaungua.

Ile mashine ya kunyoosha shuka ina magogo mawili ya moto yanayozunguka yamebanana, shuka unailisha huku inatokea kule. Kona ilijikunja, nikapeleka mkono kuinyoosha badala ya kuzima. Naijua ile mashine kuliko ninavyolijua kaburi la mume wangu, na ndiyo maana nikaidharau. Iliushika mkono wa kulia kwenye vidole na kiganja. Pasi ndiye aliyepiga swichi.

Kwa haki yake, Madamu alinishika bega mwenyewe mpaka chumba cha daktari, na kufungwa kidonda walinifunga bure, hilo sitawanyima. Akaniambia kwa ile sauti, "Pumzika, dada yangu. Ukipona utatukuta."

Maneno mazuri. Mwisho wa mwezi simu yangu, ambayo siku ya mshahara huimba kawimbo, ilinyamaza. Nilidhani ni mtandao. Nikapiga ofisini, binti mmoja akanisomea mkataba wangu mwenyewe, ule niliouwekea sahihi miaka hiyo nikiwa natazama mstari mmoja tu, wa kiasi. Siku uliyofanya kazi unalipwa. Siku ambayo hukufanya hulipwi. Hakuna pensheni, hakuna ya ugonjwa. Binti hakuwa mkorofi, alisoma tu.

Nilikaa kitandani na bendeji yangu kama bondia aliyeshindwa, ndipo nikaelewa. Mshahara wangu ulikuwa mnono kwa sababu ulikuwa umemeza ugonjwa wangu na uzee wangu. Walinipa vyote mkononi kwa pamoja kila mwezi, na mimi nikavila vyote kwa pamoja kila mwezi, nikimcheka wifi kwa kukonda. Yeye alikuwa anapunjwa, ndiyo, lakini kipande chake kimoja kilikuwa kimefichwa mahali mkono wake mwenyewe haufiki. Sisemi ni haki. Nasema nilikuwa napima vikapu viwili bila kufunua vifuniko.

Tukawa tunaishi kwa pesa ya wifi peke yake, ile anayopata hospitalini kwetu. Ikatosha. Nikazidi kusema, aandike ameacha kule, nini tena kinamshika? Yeye anakuna kichwa, anasema, "Tutaona, wifi."

Wiki ya mwisho ya likizo yake nilikwenda hospitalini kubadilishiwa bendeji. Nikasema nipite chumba cha kufulia nikawasalimie. Mlango una kioo. Nikachungulia kabla ya kugonga, nikaganda pale.

Meza yangu ya kukunjia iko kati, karibu na dirisha. Ni meza ya mkuu wa wakunjaji, nimekaa pale mpaka stuli ina umbo langu. Sasa stuli yangu ilikuwa juu ya meza, imepinduliwa, miguu juu, kama takataka inayosubiri kubebwa. Na mbele ya meza hiyo amesimama wifi yangu, anakunja shuka zangu.

Sikugonga. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikikanyaga kila tuta. Nilijua kilichotokea. Wamenitupa, na aliyenirithi ni yule niliyemleta kwa mkono wangu, huu huu ulioungua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Wangu alikuja nikaugua.

Aliporudi jioni sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Hongera, mkuu wa wakunjaji!"

"Wifi..."

"Stuli yangu mmeipindua! Hamkuweza hata kuitoa nje kwa heshima? Mnaniwekea miguu juu kama kuku wa kuchinjwa, na wewe umesimama hapo hapo! Kaka yako angekuwa hai..."

"Kaka yangu angekuwa hai angekwambia unyamaze," wifi akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini polepole.

"Mke wa mwanangu, kaa. Umesema stuli ilikuwaje?"

"Miguu juu, Mama. Juu ya meza."

Mama mkwe akaanza kucheka. Nilitaka kuondoka. "Kaa nimekwambia! Mwaka ule huyu alipopasuliwa tumbo, si nilikwenda kazini kwake kuwapa habari? Nikakuta stuli yake imepinduliwa juu ya meza. Nikaangua kilio pale pale, nikajua mwanangu kafa na wao wameshajua kabla yangu. Yule mama mnene wa ghala akanikumbatia, akaniambia, Mama, usilie, hivyo ndivyo sisi tunavyomwekea mtu. Mwenzetu akiugua stuli yake tunaipindua, asikae mtu mpaka arudi aigeuze mwenyewe. Ikiwa imekaa sawasawa ndiyo ulie, maana basi nafasi imekwisha."

Nikamtazama wifi. Alikuwa anahangaika na kamba ya kiatu.

"Wewe ndiye uliyeipindua?"

"Nani mwingine? Pale kwenu hawajui kitu. Siku ya kwanza walikuwa wanaishusha, naipandisha. Wanashusha, napandisha. Mwisho wakachoka."

"Na kusimama?"

"Nikae wapi? Kwenye stuli ya mgonjwa?"

Wiki zote hizo mwanamke huyu alikuwa anafanya kazi ya kukaa akiwa amesimama, anarudi miguu imevimba, anasema ni joto.

Ndipo lililobaki likatoka. Madamu alikuwa amemwita ofisini. Alimwambia mshono kama ule hajauona popote, na kwamba hawezi kungoja mkono wangu milele. Mkataba upo, na ni wa meza yangu: ukuu wa wakunjaji na mshahara wangu mimi, hata na kidogo juu yake. Jibu linatakiwa Ijumaa. Na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya likizo ya serikali.

Nitasema ukweli, kwanza niliona wivu. Halafu akili ya kike ikaja mbele. Mkono wangu haukuwa na dalili ya kupona. Meza ikiwa yake, pesa inabaki nyumbani. Ikiwa ya mtu mwingine, imekwenda.

"Ichukue," nikamwambia.

"Wifi."

"Ichukue nimesema! Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi mwenyewe sasa mkono sina. Mabati yatanunuliwa na nani?"

Alikiweka kiatu kando. "Hebu nisikilize, wewe unayependa kusema. Serikali inanipunja. Nalijua hilo na mwaka huu nitasimama tena uani na bango, na bango langu litakuwa kubwa kuliko la mwaka jana. Hawa wa kwenu wananilipa kama mtu, nawashukuru. Lakini nikikaa kwenye stuli yako leo, siku na mimi nikiungua, nani atapindua yangu? Huku wana kila kitu, wifi. Hawana tu mtu wa kupindua stuli."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo narudi kwa wenye mabeseni. Na wewe ponya huo mkono, meza ni yako."

Mama mkwe akachukua ungo wake. "Kenda shika," akauambia mchele.

Ijumaa wifi alimpa Madamu mkono, akamshukuru sana, na akamwomba jambo moja, stuli ile isiguswe. Jumatatu pale kwenye tuta la mwisho akakata kushoto. Kule alikuta stuli yake mwenyewe juu ya meza, miguu juu, ina vumbi la miezi mitatu. Hakuwa mgonjwa, lakini yule mama wa ghala alisema kwenda kutafuta maisha nako ni homa.

Mkono wangu ukagoma. Ukavimba, ukaanza kutoa usaha, na daktari wetu akasema nilazwe. Bendeji zilikuwa bure, ila kitanda ni hesabu nyingine. Walipoitaja, nilihisi ningeweza kupona hapo hapo kwa mshituko. Nikavuka barabara.

Nilikuwa sijawahi kulala hospitali ya serikali. Nilijua shuka zao tu, kwa kuzisikia zikitukanwa, na mtukanaji mimi. Wodi ilijaa, muuguzi ana haraka, dirisha moja limefungwa kwa kamba ya viatu. Nikajilaza. Shuka ilikuwa nzito, imefuliwa mpaka imekuwa ngumu kama neno la kweli, inanukia jua. Na katikati, kutoka shingoni mpaka chini ya kiuno, nikausikia mstari. Mwembamba, umelala, haukwaruzi. Nikaupitishia mkono wangu mzima, kimya kimya, kama mtu anayetafuta njia gizani.

Mchana wifi akapita na toroli lake la nguo safi. Akasimama kwenye kitanda changu kama hanijui.

"Mgonjwa, hii shuka ina mshono. Unausikia?"

"Nausikia."

"Nikuletee isiyo na mshono?"

"Ukiigusa nitapiga kelele."

Akachomeka kona iliyokuwa imechomoka, akasukuma toroli. Kwa miaka nilikuwa najiuliza mshahara wa mtu kama huyu uwe kiasi gani, nikilinganisha na wangu, na kila mara nilikuwa na jibu. Siku ile sikuwa nalo. Nilijua tu kwamba Kodi Yangu, na yote anayolalamikia, foronya ile moja alikuwa amenifulia mimi, na nikamshukuru na yeye kimoyomoyo, ingawa sitamwambia, atapandisha bei.

Nyumba ikaishi kwa mshahara ule mdogo. Ulikuja kila mwezi bila kuimba, tukala, tukapata na nauli ya kwenda kufungwa kidonda. Paa halikuezekwa. Lilivuja kwenye kona ile ile tunayoijua, tukaweka ndoo ile ile.

Vidole vilipokubali kukunja shuka, japo viwili vimebaki na ukaidi, nilivaa kandambili zangu nyeupe nikaenda kazini bila kuitwa. Sikuchungulia kwenye kioo, niliogopa. Nikafungua mlango.

Stuli ilikuwa juu ya meza, miguu juu. Buibui alikuwa ameshajenga baina ya miguu miwili.

"Umechelewa," Pasi akasema.

Alinieleza kwamba Madamu alileta binti mpya akakae pale. Binti akataka kuishusha stuli, Pasi akamwambia, kwa uzito wa mtu anayebeba magodoro mawili kwa mkono mmoja, stuli ya mgonjwa inauma. Binti akasimama, kesho yake akaomba ahamishiwe kwenye taulo. Baada ya hapo hakuna aliyeigusa, hata mfagiaji anapangusa kwa kuzunguka. Madamu mwenyewe, walisema, alipita siku moja, akaitazama, akasema, "Huyu Kati-Pembeni ametuachia uchawi," akaenda zake.

Aliponiita ofisini aliniuliza kama nina la kusema kabla ya kuanza. Nilikuwa nalo. Nilimwambia, Madamu, mshahara wangu ni mnono, ahsante, lakini naomba ukate kipande ukiweke kando kwa siku ya kuungua. Akasema atalifikiria. Mwezi uliopita alisema bado analifikiria, lakini ametuuliza tuko wangapi, na mtu hahesabu vichwa bure. Na wifi naye, uani kwao, mabango yamepakwa rangi upya. Nilimsaidia kuandika, mkono wangu hauna mwandiko sasa, lakini una hasira nzuri.

Jioni ya siku ile niliyorudi kazini sikumwambia wifi kitu. Nilimwekea tu maji ya moto ya miguu, yeye akaniuliza nimemvunjia chombo gani.

Kumshukuru usoni siwezi, nimeshasema mimi nilivyo, na yeye angenijibu vibaya tukaharibu. Ndiyo maana nimeandika. Asubuhi ile, kabla ya kuanza kazi, nilimtoa buibui kwa ncha ya kitambaa, nikaishika stuli kwa mkono wangu wa kovu, nikaigeuza mwenyewe kama inavyotakiwa, nikaiweka chini. Kisha nikakaa.